Swahiba, anza kwa kuangalia maji

Swahiba wangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa wote wa nyumbani. Mimi ni mzima. Barua yako nimeisoma mara mbili, na naona wewe nawe huna neno isipokuwa hilo la jikoni: nyama inakuwa ngumu, samaki ananata kwenye kikaango na kumeguka, mboga zinatoka zimelegea na rangi imepotea. Umeniuliza natumia viungo gani. Nitakujibu, lakini viungo nitaviacha kando, kwa sababu vyako havina kosa. Ninachotaka uangalie ni maji: yale yaliyo juu ya chakula, yaliyo ndani yake, na yale unayoyatia kwa mkono wako.

Maji huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi, na kwenye sufuria ya kawaida hata uchochee moto namna gani hayapandi zaidi ya hapo. Ile rangi ya kahawia ya nyama ya kukaanga, pamoja na harufu inayowavuta watu jikoni, haiji vizuri mpaka juu ya nyama pafike nyuzi 140 hivi. Mwaka 1912 mkemia Mfaransa, Louis Camille Maillard, ndiye aliyeeleza namna viini vya protini na sukari vinavyoungana kwenye joto na kuzaa rangi hiyo. Sasa ukitia kwenye kikaango nyama iliyolowa, moto wote unaishia kukausha maji kwanza. Nyama inajichemsha pale pale, inageuka kijivu, na ikianza kupata rangi ndani imeshakauka.

Kwa hiyo kausha nyama kabla ya kuigusisha na mafuta. Kitambaa safi kinatosha, au karatasi ya jikoni. Acha kikaango kipate moto kweli, kisha weka vipande vichache vilivyoachana. Najua unapenda kumwaga vyote kwa mara moja ili umalize, lakini ukijaza kikaango mvuke unakosa pa kutokea na umerudi kulekule kwenye kuchemsha. Kaanga kwa mafungu mawili au matatu, kila fungu ulitoe likishapata rangi.

Ukishatoa nyama utakuta chini ya kikaango kuna ukoko wa kahawia. Tafadhali usiuoshe! Tia maji kidogo, nusu kikombe, ukwangue kwa mwiko huku yakichemka. Ule ndio mchuzi wenyewe.

Kuhusu lile ulilosikia, kwamba kuikaanga nyama kwanza kunafunga maji yake yasitoke: fikra hiyo ilienezwa katika karne ya 19 na mkemia Mjerumani Justus von Liebig, na baadaye ikapimwa ikaonekana si kweli. Nyama iliyokaangwa bado hutoa maji. Ikaange kwa ajili ya ladha, sababu hiyo inatosha.

Chumvi nayo ina wakati wake. Ama uipake dakika 40 au zaidi kabla ya kupika, ama uipake papo hapo unapoiweka nyama motoni. Dakika 10 au 15 kabla ndio wakati mbaya, maana chumvi imeshavuta maji ya nyama yakaja juu, na hayajapata muda wa kurudi ndani pamoja nayo.

Sasa ule ugumu. Hukuniambia ulipika nyama ya sehemu gani, ila kwa maelezo yako nadhani ni ya muundi au bega. Misuli ya huko imefanya kazi maisha yote ya mnyama, imejaa kolajeni, yaani ile protini ngumu inayoshikanisha misuli, na hii ndiyo inayokushinda meno. Kolajeni haivunjwi na ukali wa moto bali na muda. Kuanzia nyuzi 70 hivi huanza kuyeyuka polepole na kuwa gelatini, ule utelezi unaofanya mchuzi ushikane na midomo. Umeandika kwamba ulichemsha karibu saa moja, ukaona nyama inazidi kukaza, ukaiepua kwa kukata tamaa. Uliiepua mapema mno. Saa ya kwanza nyuzi za nyama hujikunja na kukaza kweli. Ulaini huja baada ya hapo, saa mbili au tatu kwa jumla, moto ukiwa mdogo na mapovu yakipanda moja moja. Ukichemsha kwa fujo nyuzi zinabanwa, zinatoa maji yake yote, unaishia na nyama iliyochambuka lakini kavu mdomoni.

Nyama laini ya mgongoni ni kinyume kabisa. Hiyo haina kolajeni ya kungojewa, kila dakika ya ziada ni hasara. Moto mkali, muda mfupi, kisha iache ipumzike dakika 5 hadi 10 kabla ya kuikata. Na unapokata, tazama nyuzi zinalala upande gani, upitishe kisu kwa kuzikatisha. Hata kipande kilicho kigumu kidogo kinatafunika vizuri kikikatwa hivyo.

Kuku unaweza kumpika vizuri zaidi ukitenganisha kifua na mapaja. Kifua kikifika nyuzi 74 katikati kiko salama, kitoe hapo hapo. Paja linapendeza likipita 80, kwa sababu nalo lina kolajeni. Nunua kipimajoto cha jikoni, hakuna chombo nitakachokusihi zaidi ya hicho. Rangi ya nyama hudanganya. Lakini kuku usimwoshe kwenye sinki. Najua utaguna. Maji yanayoruka yanapeleka vijidudu kwenye vyombo, kwenye kachumbari iliyo karibu na kwenye nguo zako, wakati moto ungeviua vyote bila taabu. Mkaushe tu, kisha unawe mikono kwa sabuni.

Samaki ndiye ninayempenda kuliko wote, kwa hiyo nivumilie hapa. Misuli yake ni mifupi, imepangwa kwa tabaka, na kinachozishika tabaka hizo ni kolajeni kidogo inayoyeyuka kwa joto dogo kuliko ya ng'ombe. Ndiyo maana anaiva upesi na kumeguka upesi. Akinata kwenye kikaango, mara nyingi alikuwa na maji, au mafuta hayakuwa yamepata moto, au ulimgeuza mapema. Futa ngozi mpaka iwe kavu kabisa. Mlaze upande wa ngozi, mkandamize kidogo kwa sekunde chache ngozi isijikunje, halafu mwache. Usimchokoe. Ngozi ikishakauka na kushika rangi itaachia yenyewe, na ukiona bado inashikilia, mpe dakika moja nyingine badala ya kumlazimisha. Karibu theluthi mbili za kuiva ziishie upande huo, upande wa pili ni kumalizia tu. Ukiona utando mweupe unachuruzika kutoka kwenye minofu, hiyo ni protini inayosukumwa nje na joto, punguza moto.

Ndimu inafaa kwa samaki, maana asidi yake inashika ile kemikali inayoleta shombo. Lakini ikamulie dakika chache kabla ya kupika au mezani. Akilala ndani ya ndimu kwa saa nzima, juu anageuka mweupe kama aliyeiva, nyama yake inakuwa kama unga, na wala vijidudu havijafa kwa kufanya hivyo.

Mboga za kijani zina maadui wawili, muda na mfuniko. Zikipata joto hutoa asidi zake zenyewe, na asidi hiyo baada ya dakika 5 au 7 huondoa ukijani na kuleta ile rangi ya jani lililokauka. Ukifunika, sehemu ya asidi iliyokuwa ipotee na mvuke inarudi sufuriani. Chemsha maji mengi yenye chumvi, tumbukiza maharagwe mabichi au brokoli bila kufunika, dakika 2 hadi 4, toa, tia kwenye maji baridi. Mboga za majani laini hazihitaji hata maji hayo. Matone yaliyobaki baada ya kuosha yanatosha kuziivisha kwenye kikaango cha moto. Magadi hulinda rangi, ni kweli, lakini huzigeuza uji na kuharibu vitamini C. Mimi siyatii.

Viazi vianze kwenye maji baridi ili viive sawasawa nje na ndani. Nyanya usizitie kwenye maharagwe makavu kabla hayajalainika, kwa kuwa asidi huyazuia kulainika. Na nyanya za mchuzi zikaange mpaka maji yake yaishe na mafuta yaanze kujitenga pembeni. Watu wengi wanaepua kabla ya hapo, kisha wanalalamika kwamba mchuzi una uchachu.

Chakula kikibaki, kiingie jokofuni kabla ya muda wa saa mbili kupita tangu kiive, kikiwa kwenye vyombo vipana visivyo na kina ili kipoe haraka.

Niandikie utakachoanza nacho. Ningependa uanze na mapaja ya kuku, yanasamehe kuliko nyama nyingine yoyote. Ila ukiamua kurudia ule muundi, ubandike mchana, usingoje jioni.

Wako akupendaye,
Swahiba wako