Rehema, usije na njaa wala siri

Tabata, Dar es Salaam

Shoga yangu Rehema,

Habari za Morogoro? Baba Salma na watoto hawajambo? Sisi huku wazima, ila baridi ya asubuhi inawafanya wanangu wagombee shuka.

Jana uliponipigia kunieleza kwamba umeamua kuja Dar kuchomwa sindano za Kichina, yaani akupancha, kwa ajili ya kiuno, nilikuwa nimebanwa kwenye daladala pale Buguruni, nikakujibu "njoo" tu. Nilipofika nyumbani nikaukumbuka mguu wako, usingizi ukaniruka. Yapo mambo ambayo mimi sikuambiwa kabla ya siku yangu ya kwanza, na sitaki uyajue kwa njia niliyoyajua mimi.

Naanza na huo mguu. Tangu damu ilipoganda baada ya uzazi wa mwisho unameza vidonge vya kuzuia isigande tena. Sindano za akupancha ni nyembamba mno, na kwa watu wengi huacha tone dogo la damu au alama ya kuvilia inayopotea baada ya siku chache. Kwa anayetumia vidonge kama vyako, damu inaweza kuvilia zaidi, hasa sindano ikizama kwenye nyama nene kama ya kiuno na makalio. Muulize kwanza daktari aliyekuandikia vidonge, na anayekuchoma ajue kabla hajafungua pakiti. Pengine atakubali, pengine atachoma juujuu tu, pengine atakataa, akikataa mshukuru. Ila nakuomba sana, usiache vidonge kwa siku mbili tatu kwa kudhani unajiandaa. Donge la damu likisafiri hadi mapafuni linaweza kuua. Nakujua, hupendi kuwasumbua watu kwa maelezo marefu. Safari hii wasumbue.

Mimi nilinyamaza. Miaka minne iliyopita kipandauso kilikuwa kinanilaza siku saba, nane kwa mwezi, nikaelekezwa kliniki moja ya mjini. Sikuwa nimekula tangu jana yake jioni kwa sababu nilidhani ni kama kupimwa damu. Nilikuwa naogopa, na hofu nayo nikaimeza. Yule mtaalamu aliniuliza jina na mahali panapouma, basi, akanikalisha kwenye kiti na kuanza shingoni. Ilipofika ya nne au ya tano masikio yakavuma, jasho la baridi likanitoka, nikazinduka niko sakafuni, watu wawili wanazichomoa. Nilikuja kujua baadaye kwamba kuzimia ni jambo linalofahamika katika kazi hii, na huwapata zaidi watu wa mara ya kwanza, wenye njaa, wenye hofu, waliokaa kitini. Nilikuwa na yote manne. Kama angeniuliza nimekula nini, au kama mimi ningesema naogopa, nisingeanguka na vyuma shingoni.

Kwa hiyo kula, hata kama ni uji na kiazi, saa moja au mbili kabla. Usishibe mpaka tumbo likaze, maana utalazwa kifudifudi. Na wakitaka kukukalisha kitini, omba uchomwe umelala. Vaa dera au gauni pana linalopandishwa kwa urahisi, uje na kanga ya kujisitiri.

Huyo niliyekwenda kwake safari ya pili ndiye aliyenionyesha kazi inavyopaswa kuwa. Kabla ya kugusa sindano alitumia karibu nusu saa kuniuliza: dawa ninazotumia, ujauzito, kisukari, kifafa, homa ya ini, kama nina kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo. Hilo la mwisho ni kwa sababu wengine huunganisha umeme mdogo kwenye sindano, na mwenye kifaa hicho hatakiwi kuwekewa. La ujauzito ni kwamba kuna sehemu huwa wanazikwepa, kama ile nyama kati ya kidole gumba na cha shahada, na juu kidogo ya kifundo cha mguu kwa ndani. Asipokuuliza haya, yaseme mwenyewe.

Kuhusu kuuma: ondoa picha ya bomba la sindano la zahanati. Hakuna dawa inayoingizwa, na sindano yenyewe haina tundu. Unene wake ni kama robo milimita. Inapopenya ngozi unasikia kama umeng'atwa na sisimizi. Kisha inakuja hali ngumu kuieleza, uzito, mvuto, kama ganzi inayotaka kuanza. Wachina wanaiita de qi na kwao ni dalili njema. Lakini ukisikia maumivu makali au kama shoti inayokimbia hadi mguuni, sema hapohapo, asogeze au atoe. Zikishawekwa, huenda kumi, huenda zaidi, unaachwa umetulia dakika 20 hadi 30. Wengi husinzia. Mama mkwe wako aliuliza kama ndiyo hijama. Mwambie hapana, ile ya chuku inachanja ili kutoa damu, hii lengo lake si kutoa damu.

Angalia mikono yake, Rehema. Kila sindano itoke kwenye pakiti iliyofungwa, ifunguliwe mbele yako, itumike mara moja na itupwe kwenye boksi la vitu vyenye ncha kali. Akikuambia anazichemsha, vaa viatu uondoke. Homa ya ini na Virusi vya Ukimwi havijali kama sindano ni ya Kichina au ya Kizungu. Wakati wa kutoa azihesabu, na wewe uhesabu naye. Uliza pia cheti. Kwa sheria ya mwaka 2002, wanaotoa tiba mbadala wanasajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na kituo nacho kisajiliwe. Anayestahili hatakasirika kuulizwa.

Baba Salma anasema ni utapeli uliokuja juzi. Si wa juzi, madaktari wa China wanakuja Zanzibar tangu 1964 na huku bara tangu 1968. Lakini ukongwe wa tiba haunitoshi, wala usikutoshe. Nilisoma miongozo ya NICE, taasisi ya Uingereza inayowaelekeza madaktari wao. Kwa kipandauso, mwaka 2012 waliruhusu hadi vipindi 10 ndani ya wiki tano hadi nane. Kwa kiuno, mwaka 2016 walishauri isitumike, kwa sababu katika utafiti waliochomwa sindano za kweli hawakuwazidi sana waliochomwa za kuigiza. Mwaka 2021 wakasema inaweza kufikiriwa kwa maumivu ya muda mrefu yasiyo na chanzo kinachojulikana. Kwa hiyo kipandauso changu kupungua hadi siku tatu kwa mwezi hakukuahidi wewe lolote. Na vidonge vyangu vya kipandauso bado viko kwenye mkoba.

Ukiona bango linaloahidi kuponya kisukari, presha na saratani kwa pamoja, pita.

Sasa nijibu kwa ukweli. Umepigwa picha ya mgongo? Una homa za jioni, jasho la usiku, unapungua mwili? Miguu inalegea, au unashindwa kuzuia mkojo, au unakosa hisia unapokalia? Kifua kikuu kinaingia hadi kwenye uti wa mgongo, na kinaanza kama maumivu ya mgongo ya mtu anayeshinda kwenye cherehani. Likiwepo hata moja kati ya hayo, sindano zisubiri, tutaanzia hospitali. Na kama ni la miguu au mkojo, usingoje safari, nenda hospitali hapohapo Morogoro leo hii.

Usikubali kulipia vipindi ishirini kwa mkupuo. Lipa kimoja kimoja, uandike kila jioni maumivu yalivyokuwa. Vikifika sita bila nafuu yoyote, tunaacha na hakuna atakayekulaumu. Baada ya kipindi unaweza kuchoka au kizunguzungu kikakupata, kwa hiyo hatutasimama kwenye mwendokasi. Tutachukua bajaji. Usiku huo ukibanwa na pumzi au kifua kikakuchoma, niamshe twende hospitali. Ni nadra sana, lakini sindano ya mgongoni au kifuani ikizama vibaya inaweza kutoboa pafu.

Panda treni ya SGR, kiuno chako kitateseka kidogo kuliko kwenye basi. Nitakusubiri pale stesheni. Beba kadi ya kliniki, picha kama zipo, na pakiti za vidonge vyenyewe, usibebe majina kichwani. Chumba cha Asha nimekwisha kukitandikia. Asubuhi ya kwenda nitakupikia uji mimi mwenyewe, na hutatoka mlangoni kabla bakuli halijaisha.

Nisalimie wote.

Wako,
Mwanaidi