Mikanda ya siti za nyuma tuliizika sisi mafundi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yako ya barua. Mimi ni fundi viti hapa Mabatini, Mwanza. Nashona kava za siti, nabadilisha sponji, nanyoosha viti vilivyopinda. Kila mara nasikia abiria wakilaumiwa kwamba hawafungi mikanda. Wa mbele sawa, walaumiwe. Wa nyuma mimi siwezi kuwalaumu, maana mikanda yao nimeifunika kwa mikono yangu.

Mtu akishanunua gari lililotumika kutoka Japani na kuamua kulifanya mchomoko, yaani gari dogo la kubebea abiria, haipiti wiki yuko kwetu. Anataka kava za leza, rangi ya maziwa na damu ya mzee, na apate siti ambayo konda anaweza kuifuta kwa kitambaa. Siti ya nyuma huwa na vile vifungio vyeusi vyenye kitufe chekundu. Mwenye gari anakwambia, "Fundi, hivyo funika tu, vinawachoma abiria." Na kweli vinachoma, kwa sababu siti ya watu watatu inakaliwa na wanne, na wa nne ndiye hukalia kifungio. Basi navisukuma chini ya sponji, navuta kava, napiga pini, kazi imekwisha. Nimefanya hivyo miaka mingi na nikalipwa bila maneno.

Mwaka jana gari moja nililolishonea lilirudi. Dereva alikuwa anatokea Magu, akamkwepa ng'ombe kabla ya Kisesa, akaingia mtaroni na kugonga kalvati. Yeye alikuwa amefunga mkanda, akatoka na michubuko begani. Abiria aliyekaa naye mbele pia alikuwa amefunga, lakini aliumia mgongo. Nilipoletewa siti yake niinyooshe ndipo nikaelewa. Egemeo lilikuwa limelala mbele kama mtu aliyesujudu. Halikugongwa na mzigo wala na gari jingine. Lilisukumwa na magoti na kifua cha mama aliyekaa nyuma, ambaye mwenyewe alivunjika mkono na kupoteza meno.

Nikafumua na siti ya nyuma. Mshono ni wangu, naujua. Chini ya sponji vile vifungio vilikuwa vipya, havina hata mkwaruzo.

Tangu siku hiyo nimekuwa msumbufu kwa wateja, na ninayowaambia ni haya. Gari likienda kilomita 50 kwa saa, kila kilichomo kinakwenda mwendo huohuo, karibu mita 14 kila sekunde: wewe, simu yako, ndoo ya dagaa iliyo kwenye buti. Gari likigonga, linalosimama ni gari. Wewe safari yako inaendelea mpaka ukutane na usukani, kioo au siti ya mbele. Kishindo chake ni kama cha mtu aliyedondoka kutoka mita kumi hivi, yaani ghorofa ya tatu. Wapo wanaosema watashikilia siti ya mbele kwa mikono. Hata awe mpakia magunia wa Mwaloni, mikono hiyo haitoshi. Na mama aliyepakata mtoto wa kilo kumi, gari likisimama ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, anatakiwa kuzuia nguvu inayozidi uzito wa gunia la mahindi. Mtoto atamtoka tu, si kwamba hampendi.

Mkanda unakusimamisha pamoja na gari, wakati boneti bado inajikunja, badala ya kukuacha ukafikie kitu kigumu. Tena unakushika penye mifupa: chini kwenye nyonga, juu kwenye mtulinga na kifua. Ndiyo maana kipande cha chini hakitakiwi kukaa tumboni, na mjamzito anakipitisha chini ya tumbo, kipande cha juu kikipita katikati ya matiti. Anayepitisha kile cha juu kwapani au nyuma ya mgongo ili trafiki aone kitu cheusi kifuani, amemdanganya trafiki, basi. Mkanda huu wa kushika sehemu tatu ulibuniwa na Nils Bohlin wa kampuni ya Volvo kule Sweden mwaka 1959, na kampuni ikawaachia watengenezaji wengine wautumie. Kabla ya hapo bwana huyo alikuwa akitengeneza viti vinavyomrusha rubani nje ya ndege. Mimi kama fundi viti habari hiyo hunifurahisha sana: alianza na kiti cha kumtoa mtu, akamalizia na mkanda wa kumbakiza.

Sasa kuna lalamiko moja ambalo naamini ni la mji wetu huu wa miamba. Mteja anakuja: "Fundi, mkanda umekufa, hauvutiki, ung'oe." Nauliza gari lilikuwa wapi. Lilikuwa limeegeshwa nyumbani kwake, juu kabisa mlimani. Mkanda haujafa. Ndani ya kile kikopo kinachoukunja, magari mengi yana kigololi cha chuma kilichokaa kwenye kisahani. Gari likifunga breki ghafla, au likiinama sana, kigololi kinabiringika na kunyanyua kijiti kinachong'ata meno ya gurudumu, na mkanda unagoma. Shusha gari mahali pa tambarare, uachie mkanda urudi kidogo, kisha uvute taratibu: utakuja. Ukiuvuta kwa hasira utagoma tena, kwa sababu kuna kinasio kingine kinachosikiliza kasi ya mkanda wenyewe. Kwa hiyo mkanda unaogoma ukiushtua ndio mzima. Wa kuogopa ni ule unaokuja tu, kama uzi wa kishada.

Mafundi wenzangu nao wasikie. Ukifungua kile kikopo ili ubadilishe kava la nguzo ya kando ya mlango, kirudishe kikiwa kimesimama vilevile ulivyokikuta. Ukikilaza, kigololi kinalala upande mmoja, mkanda unagoma siku zote, na mwenye gari ataishia kuukata. Pia magari mengi ya siku hizi yana kidonge cha baruti cha kuuvuta mkanda ukubane mara gari linapogonga. Ukiona waya wenye soketi ya njano, usigonge nyundo hapo wala usichomoe ovyo. Kikishalipuka hakirudii kazi, mkanda wote unabadilishwa. Na mkanda uliochanika usiletwe kwangu kushonwa. Nyuzi zangu zinashika leza, hazimshiki mtu.

Kuhusu uchafu, wanaovaa shati jeupe wana haki ya kulalamika. Mikanda ya mbele ya daladala zetu mingine ina jasho la mwaka mzima. Dawa ni maji ya uvuguvugu na sabuni ya kawaida, kisha uachwe umevutwa nje mpaka ukauke kivulini. Dawa ya kung'arishia nguo nyeupe usiiguse, inadhoofisha nyuzi.

Najua madereva watanijibu kwamba wa nne hana mkanda, atafungwa na kamba ya katani? Swali la haki. Jibu langu ni kwamba siti ile ilitengenezwa kwa watatu, na nauli ya huyo wa nne ndiyo iliyonifanya nizike mikanda ya hao watatu. Wamiliki wanaopanga hesabu ya siku wakiwa nyumbani wanalijua hilo kuliko dereva. Nao trafiki wanaotusimamisha Igoma na Usagara huchungulia mbele tu. Wakiinama kidogo kwenye kioo cha nyuma wataona kava zetu zilivyonyooka, hazina tundu hata moja.

Kuacha tundu kwenye kava si kazi. Unapima, unakata, unazungushia pindo lenye lastiki ili kifungio kisizame. Siti nzima inanichukua kama nusu saa, na siongezi bei. Magari niliyoyashonea zamani yaletwe, nitayatoboa bure, Jumatatu hadi Alhamisi asubuhi. Ijumaa na Jumamosi nina foleni. Lile lililogonga kalvati nimeshalitoboa. Mwenyewe ameniuliza kama naweza kutafuta kava ya rangi itakayoficha matundu.

Fundi viti,
Mabatini, Mwanza