Nyaraka za chimbuko la Katiba ya Marekani zitunzwe

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie nyaraka zinazoonyesha jinsi ugomvi wa kibiashara kati ya majimbo ya Marekani ulivyozaa Katiba ya nchi hiyo.

Chini ya mkataba wa kwanza wa muungano, Kongresi haikuwa na mamlaka ya kusimamia biashara, kiasi kwamba New York ilitoza ushuru hata bidhaa za jirani yake New Jersey. Mwaka 1785 wajumbe wa Maryland na Virginia walipatana Mount Vernon, nyumbani kwa George Washington, kuhusu usafiri wa mto Potomac. Septemba 1786 wajumbe 12 kutoka majimbo 5 tu walifika Annapolis, Maryland, kujadili biashara kati ya majimbo, na kwa kuwa idadi hiyo haikutosha kuamua lolote, walitoa taarifa iliyoandikwa na Alexander Hamilton, mjumbe wa New York, wakiitisha mkutano wa Philadelphia wa Mei 1787, ambao ndio uliotunga Katiba. Kwangu, taarifa hiyo fupi ina uzito usiopungua sana ule wa Katiba yenyewe.

Wapo wanaodai kwamba picha za kidijitali zinatosha. Sikubaliani nao, kwani James Madison, mjumbe wa Virginia, aliendelea kuyarekebisha maandishi yake ya mkutano wa Philadelphia miaka mingi baadaye, na karatasi halisi zimewasaidia watafiti kutambua marekebisho hayo.

Ninaziomba mamlaka husika ziendelee kugharimia wahifadhi wa nyaraka halisi, hasa katika hifadhi za majimbo, ambako barua za wafanyabiashara na sheria za ushuru hazina umaarufu wa kuzilinda.

Msomaji wenu