Barua kwa binti yangu atakayeimba kama jiwe

Mwanangu mpenzi,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Hapa Mwanjelwa tu wazima. Simu ya Jumapili ilikatika ndiyo kwanza naanza kusema, na wewe unanijua, jambo la maana siwezi kulijibu kwa meseji za vipande vipande. Leo nimefunika cherehani mapema ili nikuandikie.

Kwa hiyo mwimbaji wenu mkuu sauti imemkauka, kaambiwa anyamaze, na kikundi kimekuchomoa wewe kwenye safu ya nyuma ya kwaya ushike nafasi yake. Na nafasi yenyewe, katika igizo lenu la nyimbo juu ya Mkwawa, ni Gangilonga, lile jiwe la hapo Iringa ambalo Wahehe husimulia kuwa lilikuwa likisema. Binti yangu anakwenda kuimba kama jiwe! Nilipocheka hukupenda. Ukasema, "Mama, usianze na gemu zako." Naanza nazo, tena kwa makusudi, maana hili lililokupata mimi nimelicheza.

Gemu ni Final Fantasy VI. Kampuni ya Square ya Japani iliitoa mwaka 1994 kwa mashine ya Super Famicom. Marekani ikauzwa mwaka huohuo kwa jina la Final Fantasy III, kwa kuwa baadhi ya zilizotangulia hazikuwa zimefika kwao. Sisi tuliipata katika toleo la PlayStation la mwaka 1999, kwenye mashine aliyotuachia mjomba wako alipohamia Tunduma. Toleo lile lilikuwa zito: ukifungua menyu unaweza kwenda kugeuza maharage jikoni, ukirudi bado inatafuta diski.

Humo ndani kuna mwanamke anaitwa Celes. Si mwimbaji. Alikuwa jenerali wa dola, akaasi. Yeye na wenzake wanahitaji meli inayoruka angani, na mwenye meli ni mcheza kamari mmoja, Setzer, ambaye ametuma barua kwenye jumba la opera kwamba atakuja kumteka Maria, mwimbaji nyota, katikati ya onyesho. Sasa Celes anafanana na Maria kama pacha. Shauri likakatwa: Maria afichwe, Celes apande jukwaani, atekwe yeye, na kupitia kwake wenzake waingie melini. Celes akawaka. Yeye ni jenerali, si mtu wa kurembwa na kuimba! Punde si punde akasikika nyuma ya mlango akijaribu sauti.

Hapo mimi hucheka kila mara, kwa sababu ndivyo watu wa kwaya tulivyo. Anayekataa kwa nguvu ndiye ameshaanza kukariri. Wewe uliponiambia hutaki, nyuma yako nilisikia mtu anapiga kinanda, nawe katikati ya sentensi ukamsahihisha noti.

Kisha mzigo unakuja kwa mchezaji. Unapewa maneno ya wimbo uyasome chumbani kabla ya kupanda. Ukishakuwa jukwaani muziki hausubiri, nawe unachagua mstari upi unafuata. Ukichanganya, onyesho linavunjika, unarudishwa kuanza upya. Ukipatia, Celes anacheza na kivuli cha Draco, mpenzi wake wa igizoni, anaokota shada la maua, anapanda hadi roshani akimalizia wimbo. Nimepigana na majoka na mapepo ya kila namna katika gemu hizo, lakini haki ya Mungu hakuna bosi, yaani adui mkubwa, aliyenitoa jasho kama ile mistari michache.

Na mashine ile haikuweza kuimba, mwanangu. Sehemu yake ya sauti ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 64 tu, na sauti nane kwa wakati mmoja. Meseji zako za sauti za WhatsApp, zile ndefu za kulalamikia chakula cha kantini, zisingeenea humo. Nobuo Uematsu, mtunzi aliyejifundisha muziki mwenyewe, akatengeneza mlio unaokaribia koo la binadamu, kama mtu anayeimba amefumba mdomo, na maneno yakawa yanatokea kwa maandishi. Nami nikawa nayaimba, kwa Kiswahili nilichotunga mwenyewe, sebuleni, mjomba wako kaziba masikio na wewe mgongoni. Mwaka 2022 walitoa toleo jipya lenye waimbaji wa kweli, kwa lugha kadhaa, Kiswahili hakimo. Nimelisikiliza. Wanaimba vizuri mno. Lakini sasa hakuna tena nafasi yangu mle ndani, nami ni mtu wa kwaya, napenda kuachiwa nafasi.

Ila kipande ninachotaka ukishike kuliko vyote ni cha pweza. Yupo pweza mwenye kinyongo, Ultros, anayepanda darini ili amwangushie Celes chuma cha tani 4. Wenzake Celes wana dakika tano kumfikia, wakipambana na panya juu ya mbao za dari. Wanamfikia, na wote wanaporomoka hadi katikati ya jukwaa, wakiwaangukia waimbaji wawili wa kiume wanaomgombania Maria igizoni, ambao wanazimia palepale. Ukumbi kimya. Mkuu wa onyesho anashika kichwa. Basi Locke, mwizi mwizi hivi (mwenyewe husema ni mtafuta hazina), anasimama na kutangaza kwamba atakayemwoa Maria si huyo wala yule, ni yeye! Pweza naye hakubali kupitwa, anajibu kwa maringo ya kifalme. Mkuu wa onyesho, badala ya kushusha pazia, anaamuru muziki upigwe. Watazamaji wanadhani ndivyo igizo lilivyoandikwa.

Unakumbuka Herode wetu? Ule mwaka wa igizo la Krismasi, kiti cha plastiki tulichokifunika kitenge kikavunjika mguu katikati ya wimbo wake wa hasira. Akaimba ubeti wa pili akiwa sakafuni, kidole kamnyooshea askari, na akaongeza mstari ambao haukuwemo, kwamba hata kiti sasa kinamsaliti. Wapiga tarumbeta wakamfuata bila kuambiwa. Hadi leo kuna wazee wa kanisa wanaouliza kwa nini Herode siku hizi haanguki. Baba yako, ambaye anasema maigizo ni kupoteza muda, ndiye anayekisimulia kisa hicho kuliko mtu yeyote mtaani, na kila mwaka anakiongezea chumvi.

Basi usiku wako ukifika, taa ikizimika au mpiga ngoma akiingia mapema, usiwaangalie wenzako kwa macho ya kuomba msaada. Wewe ni jiwe. Jiwe halishtuki. Hiyo ni bahati uliyopewa na mtunzi wenu, itumie: mikono yako ibaki chini, shingo ipande, sauti itoke tumboni. Yule dada aliyeugua alikuwa anapunga sana mikono. Niliona kwenye video uliyonitumia, nikanyamaza kwa kuwa hakuwa wangu.

Mazoezi. Mwaka 1986, mwaka mmoja kabla ya Final Fantasy ya kwanza, kampuni ya Enix ilitoa Dragon Quest, iliyobuniwa na Yuji Horii. Mjomba wako huiona ya kizee, mimi naipenda. Shujaa ni mmoja tu, na anayepambana naye ni mmoja tu. Unaanza jirani na kasri ya mfalme, unapiga vidudu vya utelezi, unapata vijisenti na uzoefu kidogo. Kila ukivuka daraja, maadui wanakuwa wakali zaidi, kwa hiyo unajua mwenyewe kama umeiva au bado. Ukiuawa unaamkia mbele ya mfalme, nusu ya dhahabu yako imekwenda, lakini uzoefu wote unabaki nao. Nawe vuka madaraja kwa mpangilio huo. Imba bafuni. Kisha mbele ya wale wasichana wawili mnaolala nao chumba kimoja. Kisha panda Gangilonga kwenyewe jioni, mkiwa kundi, uimbe mji ukiwa chini yako, na wapita njia wakikushangaa. Ukumbi ndio uwe wa mwisho.

Sasa maleba, hapo ndipo kazini kwangu. Umesema wanataka kukujengea jiwe la maboksi, uingie ndani, itoboke tundu la mdomo. Wakatalie kwa adabu. Waambie kuhusu Julie Taymor, mwongozaji wa The Lion King ya jukwaani iliyoingia Broadway mwaka 1997, aliyebuni na mavazi yake pia. Vinyago vingi aliviweka juu ya kichwa, si usoni, ili mtazamaji amwone simba na amwone mtu, vyote kwa pamoja. Mwaka uliofuata alipata tuzo ya Tony ya uongozaji wa igizo la muziki, mwanamke wa kwanza kuipata. Nawe uso wako uonekane. Wazazi watakaotoka Mafinga na Makambako hawatalipa nauli kutazama boksi.

Ushonaji wa jukwaani nao nimejifunza kwenye gemu, ingawa wateja wangu wakinikuta na pedi ya gemu mkononi hudhani nimerudi utoto. Celes mzima, nywele, gauni na kila kitu, amechorwa kwa vidoti 16 kwa upana na 24 kwa urefu. Basi! Na bado akitoka na gauni la opera unajua si yule jenerali wa jana. Mchoraji hakuwa na nafasi ya kuweka kifungo wala nakshi ya shingoni, ilibidi umbo lenyewe liseme. Mtu wa kiti cha nyuma anakuona hivyohivyo, mdogo, vidoti. Zamani nilikuwa nawashonea malaika wetu shanga pindo zima, zinaonekana na mchungaji peke yake. Siku hizi nakata umbo kubwa, rangi moja, mstari mmoja unaotoka bega hadi chini. Jiwe lako litakuwa mgolole mzito wa kijivu, mabega nimeyajaza yapanuke, mkunjo mmoja mkubwa mbele. Usimruhusu mtu akuongezee vitu vya kumetameta.

Nimesoma na maneno ya nyimbo. Wa Lugalo mmeuweza. Tarehe 17 Agosti 1891, msafara wa Emil von Zelewski, kamanda wa Wajerumani, unavamiwa na Wahehe, yeye mwenyewe anauawa, na mmefanya vizuri kuwapa kwaya nzima badala ya mtu mmoja, maana vita havipiganwi na sauti moja. Wa mwisho ndio unanikera. Ngome ya Kalenga inaanguka Oktoba 1894, Mkwawa anajipiga risasi Mlambalasi 1898, fuvu linarudishwa Kalenga 1954, yote katika ubeti mmoja, na miaka imetajwa tarakimu kwa tarakimu! Utapumulia wapi? Mwambie mtunzi akuachie fuvu peke yake. Miaka hamsini na sita jiwe limekaa pale juu, kichwa cha mtu wake kiko ng'ambo, kisha siku moja kinarudi. Hapo pana wimbo. Mengine msimulizi ayaseme kwa maneno ya kawaida kabla hujaanza. Akigoma, imba ulivyopewa, ila mstari wa 1954 upunguze mwendo, mpiga kinanda atakufuata.

Ukiwa na usiku wa kupumzika, tafuta Final Fantasy IX ya mwaka 2000, iko kwenye diski nne. Inaanza na kikundi cha waigizaji wanaoonyesha igizo mbele ya malkia ili wamwibe binti mfalme, kumbe binti mfalme mwenyewe anataka kuibwa. Mwenye kumlinda anawakimbiza hadi anajikuta jukwaani na upanga mkononi, na watazamaji wanampigia makofi. Sikuelezi zaidi. Kuna mtoto mmoja mwenye kofia kubwa aliyekuja na tiketi ya bandia, akaingilia juu ya mapaa. Huyo ukimfahamu utaniambia.

Kifurushi nitakipa basi la asubuhi Jumamosi, nitakutumia namba ya kondakta. Ndani kuna mgolole, tangawizi, asali ya koo, na suruali ya kaka yako aliyoisahau. Usinywe kitu cha baridi hadi onyesho lipite. Mtuwekee viti vitatu: mjomba wako atapanda kutoka Tunduma, na baba yako kasema haji, lakini jana aliniuliza ukumbi uko karibu na stendi au inabidi kupanda bajaji.

Nahitaji kipimo cha bega hadi bega, na cha shingo hadi kifundo cha mguu ukiwa umevaa viatu vya siku ile. Nitumie kabla ya Alhamisi, kitambaa kiko mezani na mkasi umeshanolewa.

Mama yako,
Mwanjelwa, Mbeya