Ulimwengu wa fantasia haujengwi kwa ramani

Mhariri,

Makala yenu kuhusu riwaya za fantasia kwa vijana iliwasifu waandishi kwa kujenga ulimwengu mpya, na ushahidi uliotolewa ni ramani ya kurasa mbili, orodha ya wafalme na faharasa ya maneno ya kubuni. Nilihariri vitabu vya watoto hadi nikastaafu, na vitu hivyo vitatu ndivyo nilivyokuwa nikivisoma mwisho. Mara nyingi milima imejaa kwenye ramani, na ndani ya hadithi hapandi mtu hata mmoja. Majina nayo yamebandikwa ritifaa tatu tatu ili yaonekane ya kigeni. Ile ya ng'ombe inatutosha.

Mimi huanza kwa kusikiliza watu wa huko wanavyosema. Niliwahi kupokea muswada wa nchi yenye majua mawili yanayopokezana, usiku haupo kabisa. Wazo zuri. Ukurasa wa pili shujaa akaamka saa kumi na mbili asubuhi. Asubuhi ya jua lipi? Waswahili tunahesabu saa tangu kucha. Wasiokuchwa wanaanzia wapi, na nani aliwaamulia? Hadithi ilikuwa pale pale: kijiji kinachofuata jua hili, kijiji kinachofuata lile, na watoto wawili walioahidiana kukutana saa tatu, kila mmoja akafika kwa saa yake asimkute mwenziwe. Mwandishi aliipita, mbio mbio, akiwahi vita na joka.

Methali vilevile. Watu wanaoishi juu ya mawingu, ambao hawajapata kuona mto, hawawezi kuambiana kwamba maji hufuata mkondo. Watakuwa na methali yao. Mwandishi na aibuni, aitie kinywani mwa bibi mmoja mkali, kisha aiache bila maelezo. Wapo wahariri wanaoogopa kwamba mtoto wa miaka kumi na moja hataelewa. Mtoto huyo anashinda kutwa kati ya watu wazima wanaosema mambo asiyofafanuliwa. Kubahatisha maana ni kazi yake ya kila siku, na anaipenda.

Tolkien, mwandishi Mwingereza wa riwaya za fantasia, katika insha yake iliyochapishwa 1947, aliandika kwamba yeyote anaweza kusema "jua la kijani", ila kuumba ulimwengu ambamo jua hilo linaaminika kunadai jasho na fikra. Tunao mfano wa karibu zaidi. Kusadikika ya Shaaban Robert, ya mwaka 1951, haikuandikwa kwa ajili ya watoto, lakini tazameni ilivyojengwa. Nchi ile iko angani. Wajumbe wake wanne wanatumwa pande nne, mmoja anatumwa mbinguni, na mmoja ardhini. Huyu wa ardhini hunifurahisha kila nikirudi kukisoma. Ukishakuwa mkazi wa anga, ardhi nayo ni ugenini, ni safari ya kuagwa na watu. Mjumbe mmoja tu, nasi tumeshajua tumesimama wapi.

Kisha kuna ngeli, hazina ambayo waandishi wengi wa fantasia hawaigusi. Mlima uliolala unanguruma. Sura tatu mbele, mlima ule ule ananguruma. Mwandishi hakusema kwamba umepata uhai, shujaa mwenyewe bado anakoka moto ubavuni mwake bila wasiwasi, lakini msomaji ameshajua na anataka kumpigia kelele akimbie. Mhariri mwenzangu mmoja alikuwa akiyazungushia mambo kama hayo wino mwekundu na kuandika pembeni: "Upatanisho!" Tulibishana sana. Kosa la kisarufi hutokea mara moja kwa bahati mbaya. Likirudi kila mlima unapoamka, hiyo ni sheria ya nchi ile, na kazi ya mhariri ni kuhakikisha haivunjwi kwenye sura ya tisa.

Ombi langu ni kwa safu yenu ya vitabu. Mnapohakiki riwaya ya fantasia ya vijana, punguzeni muhtasari wa nani alimuua nani, mtuchapie aya moja nzima kutoka ndani ya kitabu. Tukiisoma, tutaamua wenyewe kama kuna nchi mle au kuna ramani tu.

Mhariri mstaafu wa vitabu vya watoto