Malalamiko kuhusu seti ya vifaa vya gitaa "vilivyozeeshwa"

Kwa Meneja,
Kitengo cha Huduma kwa Wateja.

YAH: VIFAA VIBOVU VYA GITAA LA UMEME, NA KILICHOTENDEKA KAUNTANI KWENU

Ndugu Meneja,

Poleni na kazi. Naandika kuhusu seti yenu ya vifaa vipya vilivyofanywa vionekane vya zamani: briji (kitegemeo cha nyuzi kwenye mwili wa gitaa), vikaza nyuzi sita, pikapu mbili (vinasa mlio wa nyuzi) za koili pacha zenye vifuniko, bamba la plastiki la mbele na vitufe vyake. Namba ya oda na picha nimeambatisha. Masharti ya kurudisha bidhaa mliyaandika ninyi wenyewe, sina haja ya kuwasomea.

Nianze na jambo ambalo halihitaji fundi kulielewa. Kijana wenu wa kaunta alichukua bisibisi, akaikwaruza briji yangu mbele ya wateja wengine, akasema: "Si ulitaka ya zamani? Haya, sasa imezeeka." Kisha akajaza fomu: "Imechubuliwa na mteja." Nitalirudia hili huko chini.

Sasa ubovu wenyewe. Pikapu ya upande wa briji ni maiti. Pikapu ya aina hii inatakiwa isome ukinzani wa kiloomu 7 au 8 hivi kwenye multimita, kile kipima umeme. Ya shingoni inasoma sawasawa. Hii ya briji haisomi chochote, maana yake waya umekatika ndani. Sababu inaonekana kwa macho ukifungua kifuniko: pale waya wa koili unapoungwa kwa risasi ya kulehemu pana kutu ya kijani, na skrubu za chuma zimevimba kutu mpaka ndani ya koili. Ili kuizeesha, fundi wenu aliiweka pikapu nzima kwenye mvuke wa asidi. Waya ule ni wa geji 42, unene wake takriban milimita 0.063, unakaribiana na unywele. Uupe mvuke wa asidi ya hidrokloriki, kisha usiuoshe, halafu utegemee nini?

Anayeijua kazi hii huyeyusha risasi, akatoa kifuniko, akakizeesha peke yake. Hukining'iniza kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, asidi ikiwa kwenye kikombe kidogo chini, na kifuniko chenyewe kisiguse asidi. Kazi hiyo hufanyika nje, penye upepo, kwa glavu na miwani, mbali na vifaa vingine, kwa sababu mvuke ule hautachagua: utaila hata seti ya bisibisi iliyo mezani. Unachungulia kila baada ya dakika chache. Nikeli ya kifuniko huanza kwa kupoteza mng'ao, ikafuata rangi ya kijivu, kisha madoa. Ikifika unapotaka, unaitoa na kuizamisha kwenye maji yenye soda ya kuokea, vijiko viwili vya chakula kwa lita moja, mpaka mapovu yaishe. Unasuuza, unakausha kabisa kwa hewa ya moto, unapaka mafuta mepesi kiasi cha tone, ndipo unarudishia risasi. Hatua ya soda ndiyo mliyoiruka. Najua kwa sababu vifaa bado vinaliwa: madoa kwenye kifuniko cha shingoni yamepanuka tangu picha ya kwanza niliyowatumia, na karatasi iliyovifunga imegeuka njano pale ilipogusa chuma.

Briji nayo. Tangazo lenu linasema "nikeli iliyozeeshwa". Hii ni kromu. Nikeli ina rangi ya joto, inaelekea unjano; kromu ina ubaridi wa bluu, na hata mtu asiye fundi huona tofauti akiviweka pamoja dirishani. Kromu haififii kwa jasho la mkono kama nikeli, ndiyo maana mtu wenu akaamua kuikwangua kwa msasa. Tabaka la kromu halifiki hata mikromita moja, kwa hiyo msasa umelipita, ukapita na nikeli ya chini yake, ukafika kwenye shaba. Briji iliyochakaa kwa kupigwa huchakaa pale kiganja kinapolala na kwenye vichwa vya skrubu. Yenu imekwanguliwa hadi upande wake wa chini, mahali ambapo mkono wa mpigaji haufiki hata kwa bahati mbaya!

Hilo ni sura tu. Ubaya zaidi ni kwamba haifanyi kazi. Skrubu mbili za kuinua na kushusha nyuzi zimeliwa na asidi mpaka tundu la pembe sita limekuwa duara. Ufunguo wa milimita 1.5 unazunguka bure. Skrubu ya kusogeza kitandiko cha uzi wa tatu (kile kipande cha briji ambacho uzi hulalia) imeganda kwa kutu, na hata mafuta ya kupenya hayakuitikisa. Gitaa ambalo huwezi kurekebisha vitandiko vyake haliwezi kuimba sawa juu ya shingo, hata likiwa na sura ya mwaka 1959. Skrubu hutolewa kabla ya asidi. Zile ndogo hupakwa rangi tu au kusuguliwa kichwani, haziendi kwenye mvuke kamwe.

Vikaza nyuzi sita vina mchanga wa kutu ndani ya meno. Kimoja kinakwama, kisha kinaruka. Hapo nako ni uvivu ule ule: badala ya kuzeesha ganda la nje, mmezeesha na gia.

Na plastiki. Nilipouliza kwa simu, kabla hata ya kufika kauntani, niliambiwa rangi yake ya uzee "ni ya kudumu". Imefutika nilipoigusa kwa kidole kikavu. Mmechovya plastiki inayong'aa kwenye kahawa, na plastiki inayong'aa haishiki kahawa. Lazima kwanza uisugue kwa sufi ya chuma laini ya namba 0000, au msasa wa maji wa 800, uso upoteze mng'ao, ndipo uilaze kwenye kahawa nzito ya uvuguvugu usiku kucha. Nimesema uvuguvugu. Ninyi mmetumia maji ya moto mno, na bamba limepinda kama kigae. Likikazwa skrubu za pembeni, katikati linainuka na kugusa nyuzi. Isitoshe, rangi iko sare kila mahali, hata chini ya vichwa vya skrubu na chini ya vitufe. Bamba lililozeeka kweli hubaki na miduara myeupe pale palipofunikwa. Fender, kampuni ya magitaa ya Marekani, walianza kuuza magitaa yao ya Relic, yaliyozeeshwa makusudi, mwaka 1995. Hii si sayansi ya jana kwamba bado mnajifunzia kwenye mali za wateja.

Tena kuna unga wa sufi ya chuma umenasa kwenye sumaku za pikapu zote mbili. Hapo ndipo kelele na shoti huanzia. Pikapu hufunikwa kwa utepe au huondolewa kabisa chumbani kabla hujashika sufi ile.

Turudi kauntani. Briji ilikuwa juu ya kaunta, kwenye kitambaa, nikimwonyesha kijana skrubu iliyoganda. Upande wa kushoto ndio pekee uliokuwa mzima, haujaguswa na msasa wenu. Hakuuliza. Alichomoa bisibisi bapa kwenye mfuko wa shati, akaburuta ncha kuanzia ukingo hadi tundu la uzi wa sita, polepole, huku akiniangalia usoni. "Si ulitaka ya zamani, mzee? Haya, sasa imezeeka." Watu wawili nyuma yangu walicheka. Msimamizi wake alikuwepo, akatabasamu na kuendelea na simu yake. Kisha mkono ule ule ulioshika bisibisi ukashika kalamu na kuandika kwamba mteja ndiye aliyechubua, na kwa hiyo bidhaa hairudishwi. Yaani mkwaruzo wake mwenyewe ndio umekuwa sababu ya kuninyima haki! Kamera yenu iko juu ya kaunta. Itazameni, mwone mkono ni wa nani.

Mwanzoni nilitaka mnibadilishie pikapu moja na briji, basi. Kwa majibu mliyonipa, hilo halitoshi tena. Nataka fedha yote ya seti irudishwe pamoja na gharama ya usafirishaji wa kwenda na kurudi. Nataka fomu ile ifutwe na nipewe nakala iliyosahihishwa, yenye saini yako wewe, si ya yule kijana. Nataka pia radhi ya maandishi kutoka kwa msimamizi aliyetabasamu.

Na tangazo mliondoe leo, kwa sababu mnauza kromu kwa jina la nikeli, na mnawatumia watu vifaa vyenye masalio ya asidi bila onyo lolote kwenye boksi. Mtu akivishika kisha akajipangusa macho, hilo litakuwa jambo la kesi, si la kaunta.

Nawapa siku saba za kazi kuanzia siku mtakapopokea barua hii. Zikipita, nakala yake itakwenda kwa mamlaka inayolinda walaji pamoja na picha zote, kipimo cha multimita na ombi rasmi la picha za kamera ya siku ile. Mkiifuta rekodi hiyo kabla, nitawataka mwieleze mamlaka hiyo sababu. Vifaa viko kwangu ndani ya mfuko uliofungwa. Sitavirudisha kwa mkono wa yule kijana. Tumeni mtu mwingine, aje na risiti ya kuvipokea.

Wenu,
Mteja
(Viambatisho: picha, nakala ya fomu, nakala ya tangazo)