Kabla hujatia saini Alhamisi

Mwanangu,

Assalaam aleikum. Tangu simu yako ya juzi sijalala vizuri. Baba yako kalala, na kukoroma kakoroma. Nimeona niandike kwa kalamu maana kwenye simu nikianza tu unasema, "Mama, niko kazini." Mdogo wako ataipiga picha akurushie.

Ule unga wa majani ya mpapai, umewaambia madaktari kwamba unaunywa? Nijibu hilo kabla ya kunisalimia.

Ile fomu ya ridhaa ya majaribio ya dawa mdogo wako amenisomea yote, kurasa 23, siku mbili, kila kurasa tano anadai chai. Nimeielewa kuliko unavyodhani. Miaka 26 ya maabara sikuwa nafagia tu. Chembe sahani, zile za kugandisha damu, nimezitazama kwenye darubini mpaka jicho likauma: vumbi la zambarau katikati ya chembe nyekundu, mgeni atasema kioo hakikufutwa vizuri. Mtu mzima wa afya anaanzia 150,000 kwa mikrolita moja ya damu. Wewe ulikuwa na 62,000, na wao walitaka angalau 100,000 ndipo wakutundikie dripu. Kemo imeahirishwa mara mbili. Ile kaboplatini, dawa yako ya kemo, inapiga saratani, lakini inaubana na uboho usizitengeneze. Ndiyo maana sikukatazi kuingia kwenye majaribio. Kukaa bila dripu huku uvimbe unakutazama nako ni hatari.

Baba yako ndiye aliyekataa. Amekumbuka wale wanaume weusi wa utafiti wa Tuskegee, Alabama, walioachwa na kaswende yao kuanzia 1932 mpaka 1972 bila kuelezwa ukweli, na penisilini ipo. Nimemwambia ni kweli, na ni kwa sababu ya aibu ile ndiyo leo unapewa kurasa 23 uzisome. Imeandikwa humo kwamba unaweza kujitoa siku yoyote bila kueleza sababu, na matibabu yako ya saratani yakaendelea. Amenyamaza, lakini hakuridhika. Unamjua.

Hata hiyo eltrombopag yenyewe, vidonge vya kupandisha chembe sahani, si dawa ya jana. Tangu 2008 huko Marekani wanawapa watu ambao miili yao inazila chembe sahani zao. Kinachojaribiwa ni kama itawafaa wa kemo kama wewe. Wengine wenu mtapewa vidonge visivyo na dawa, na si wewe si daktari wako atakayejua nani kapata nini. Hilo likukae kichwani, usije ukaanza kuhesabu miujiza wiki ya kwanza.

Ila vidonge hivi vinaweza kuumiza ini, ndiyo maana damu ya ini itapimwa mara kwa mara. Sasa ini likicheza, watajuaje kama ni kidonge au ni unga wangu? Ndiyo nakuuliza tena, umewaambia? Nani alikukataza kuwaambia? Haya, mimi. Nilisema Wazungu hawajui majani. Ile 2019 dengi ilipoingia Dar kila nyumba ilikuwa inatwanga majani ya mpapai, nikaona kilichowafaa wenye dengi hakitakudhuru. Sasa nakwambia waambie. Waambie na mlonge, na ile dawa ya chungu ya wifi yako kama uliinywa. Najua uliinywa.

Na chai ya maziwa, mama. Kidonge hicho hakipatani na maziwa. Unameza saa mbili kabla ya kugusa maziwa, au saa nne baada ya kuyanywa. Wewe huwezi kuamka bila chai ya maziwa, basi meza usiku. Diklofenaki usiiguse hata kichwa kipasuke, mpaka daktari aseme. Ukiona vidoa vyekundu kama umeng'atwa na viroboto miguuni, au choo cheusi, piga simu usiku huohuo. Na chembe sahani zikipandishwa mno, damu nayo inaweza kuganda pasipotakiwa: mguu mmoja ukivimba, au kifua kikibana, usijikaze. Wewe ni hodari wa kujikaza.

Najivunia kazi yako, nadhani mtaa mzima umeshanichoka. Wakongo wa Houston wanaingia kwa daktari na wewe unawatafsiria mpaka neno la aibu, hulirukii. Lakini ya kwako mwenyewe tumeyasikia miezi miwili baadaye, tena kwa mumeo. Sijui tabia hiyo umeitoa wapi.

Karatasi ulizotutumia mwezi wa tatu, palipoulizwa kama yuko aliyeugua titi katika ukoo, umejaza hapana. Uliandika ulichoambiwa. Mama yako mkubwa hakuwa na jipu. Mwaka 1997 kinyama chake kilipopimwa, karatasi ya majibu ilipita mkononi mwangu kabla ya kufika wodini. Bibi yako akasema neno hilo lisitajwe kwenye nyumba yenye wasichana wa kuozwa. Nikaikunja. Basi Alhamisi, kabla hujashika kalamu, sema: dada wa mama, tumbo moja, miaka 41, titi la kushoto. Wakitaka kukupima vinasaba, kubali. Wadogo zako nitawaambia mwenyewe. Mmoja nimeshamwambia, ndiye aliyekuwa ananisomea fomu. Hakudai chai tena siku hiyo.

Pesa ya bati imefika. Nimenunua 18, fundi anasema zinatosha mpaka jikoni, ila misumari kaihesabu vibaya kama kawaida yao. Usitume nyingine mpaka dripu ziishe. Baba yako atakuomba viatu, usimnunulie, anavyo pea tatu chini ya kitanda. Ule mnazi wa upande wa jirani umeanguka, bahati nzuri kwetu, sasa tunagombea nazi. Watoto wasikupande mgongoni wiki hizi, na mswaki nunua ule laini.

Nimekwenda kupimwa na mimi Jumatatu. Hawakuona kitu.

Ule unga uliobaki umwage. Lakini mkebe uoshe umrudishie yule dada anayekuja likizo Desemba. Mkebe ule ni wangu.

Mama yako